Mapipa ya ghorofa yanafurika kila Krismasi: tuongeze mengine?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi kwenye jengo la ghorofa nne hapa Arusha, upande wa Njiro. Tuko kaya 24, watu kama 110. Tuna mapipa manne ya lita 240, na gari la taka linapita Jumanne na Ijumaa. Mwaka mzima hatuna shida. Ikifika wiki ya Krismasi mpaka baada ya Mwaka Mpya, mapipa yanafurika, funza wanatambaa hadi kwenye ngazi, mbwa wanaburuza pampasi mpaka barabarani. Mwaka jana jirani wa chini alichoka akaanza kuchoma taka nyuma ya jengo, ikawa ugomvi. Kamati inataka tuchange tununue mapipa mengine manne. Wengine wanasema tutengeneze mboji. Unatushauri nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hela ya mapipa msiitoe kwanza. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakueleza mfanye nini na mabaki ya jikoni, maana shida yenu nzima iko huko.

Tuanze na hesabu, utaihitaji kwenye kikao. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara mtu mmoja huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Zidisha kwa watu wenu 110, unapata kilo 50 na kidogo. Muda mrefu zaidi mnaokaa bila gari ni siku nne, Ijumaa hadi Jumanne, yaani kilo 200 hivi. Taka za majumbani kwetu ni nzito kwa sababu zina maji mengi, kwa hiyo pipa la lita 240 hubeba kama kilo 60 hadi 70. Mapipa manne, kilo 260. Ndiyo maana mwaka mzima mnapumua.

Sasa lete Krismasi, tena iangukie Ijumaa, siku ya gari lenu. Gari haliji. Wageni wameshuka kutoka Dar na kwingineko, jengo lina watu 160. Hizo ni kilo 74 kwa siku, na kutoka Jumanne hadi Jumanne ni siku saba: kilo 515 na ushee. Na hapo nimemhesabia kila mtu mlo wa siku ya kawaida, ilhali hakuna anayekula kikawaida Krismasi. Mzigo ni mara mbili ya uwezo wa mapipa.

Kwa hesabu hiyo kamati yako haijakosea. Mapipa manane yangezibeba kilo 515. Wasichokihesabu ni nzi. Nzi wa nyumbani akitaga kwenye mabaki ya chakula, mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na mapema zaidi kukiwa na joto. Funza hula na kukua kwa siku nne hadi saba, kisha hutoka kwenye uchafu kutafuta mahali pakavu pa kujigeuza. Hao ndio mnaowaona kwenye ngazi. Gari likija kila baada ya siku tatu au nne huwa linawabeba kabla hawajafikia hatua ya kutoka. Likiruka mara moja tu, wanakomaa mikononi mwenu. Kwa hiyo mapipa manane yenye taka za siku saba ni mazalia makubwa maradufu ya mapipa manne. Mtakuwa mmenunua nafasi, na funza mtabaki nao.

Ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba kwenye nchi za kipato kama chetu zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Kwa Arusha wala sihitaji ripoti, nenda tu ukachungulie ndoo ya jikoni: maganda ya ndizi za mtori, maganda ya viazi, mabua ya sukuma wiki, magunzi, makokwa ya maembe, maana Desemba ndiyo msimu wake. Toa nusu hiyo kwenye kilo 515, zinabaki 257, na mapipa yenu yanabeba 260. Mnaona ilivyo? Halafu kinachobaki hakiozi. Boksi halinuki. Chupa ya maji haizalishi funza. Taka kavu mkizifunga kwenye viroba na kuviweka mahali pasiponyeshewa, gari linaweza kuchelewa wiki mbili na hakuna atakayegombana na mwenzake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kwa wiki nne, kuanzia katikati ya Desemba hadi sikukuu ya Mapinduzi tarehe 12 Januari, kinachooza kitoke ndani ya geti lenu kila siku, bila kulitegemea gari. Kikavu kisubiri.

Kitoke kiende wapi? Hapa ndipo nitakaa kidogo.

Mji wetu umezungukwa na wafugaji. Ukitoka Njiro kidogo tu, au ukaenda Moshono, Olasiti, Muriet, utakuta watu wenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa ndani ya banda, na wengine nguruwe na kuku. Ng'ombe wa bandani hula alicholetewa, na kila siku mwenye ng'ombe anahangaika na majani. Maganda yenu ya ndizi kwake ni mali. Ongeeni na mfugaji mmoja wa kuaminika, au wawili, aje kila asubuhi na baiskeli au toyo. Msimtoze hela. Nimeona kamati moja iliyotaka kumuuzia mfugaji maganda, akaja siku mbili akapotea, taka zikarudi palepale. Mkiweza, ninyi ndio mpeni nauli kidogo, bado itakuwa rahisi kuliko pipa jipya.

Lakini kuna mambo matatu lazima yafuatwe, na dada wa jikoni ayajue kabla ya mama mwenye nyumba.

La kwanza, ndoo ziwe mbili. Moja ya vibichi: maganda, majani ya mboga, matunda. Hii ni ya ng'ombe na mbuzi. Nyingine ya vilivyopikwa: ugali, wali, pilau, mchuzi. Hii haiendi kwa ng'ombe. Watu wengi hawalijui hili. Tumbo la ng'ombe limezoea majani, linayavunja polepole. Mmwagie sufuria nzima ya pilau au ugali, wanga ule utachacha kwa kasi, tumbo litajaa asidi, na kesho yake mfugaji anaweza kumkuta amelala hawezi kusimama. Sikukuu ndiyo huua ng'ombe wa namna hiyo, kwa sababu ndipo watu wanakuwa na masufuria ya kumwaga. Kilichopikwa kiende kwa kuku, au kwa nguruwe kwa sharti linalofuata.

La pili, nyama ya nguruwe na mifupa yake visiingie kwenye chakula cha nguruwe. Kitimoto inaliwa sana Desemba hapa kwetu, sihitaji kukueleza. Homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru binadamu hata kidogo, ila kwa nguruwe haina tiba, na kirusi chake hukaa kwenye nyama hata ikigandishwa, ikitiwa chumvi au kukaushwa kwa moshi. Kipande kimoja cha nyama isiyoiva kinatosha kumaliza banda zima, na kutoka hapo mabanda ya mtaa. Njia ya usalama ni mfugaji kuyachemsha mabaki yote, yatokote nusu saa, ndipo awape. Mwambieni hivyo waziwazi, na ninyi mifupa ya kitimoto iwekeni kwenye pipa la kawaida ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

La tatu, plastiki. Mfuko mmoja wa maziwa uliojificha kwenye maganda unaweza kuziba tumbo la ng'ombe. Mfugaji akiukuta mara mbili hatarudi, na ana haki. Vijiti vya mishikaki navyo vivyo hivyo.

Ndoo za kila nyumba ziwe ndogo, za lita kumi, zenye mfuniko. Kubwa itamshawishi mtu wa ghorofa ya nne asubiri ijae ndipo ashuke nayo, na huko ndiko kuoza kunakoanzia. Chini ya ndoo weka maranda kiganja kimoja, kila fundi seremala anayo ya kutupa. Yananyonya maji na kukata harufu. Usipoyapata, gazeti lililochanwa linafanya kazi. Ndoo ya ng'ombe tumia gazeti, hayo maranda mengine yana dawa ya mbao.

Sasa, mwanangu, kuna jambo moja ambalo kamati nyingi hulisahau. Mwaka mzima taka za jengo lenu zinashikwa na nani? Dada wa kazi. Yeye ndiye anayejua ndoo ipi inakaa wapi na gari linakuja lini. Na tarehe 20 Desemba yeye pia anapanda basi kwenda kwao Singida, Kondoa au Mbulu. Wanaobaki kushika ndoo ni baba, mama na binamu waliokuja kutembea, ambao hawajawahi kuteremka na uchafu. Wakikuta pipa limejaa wanaweka mfuko pembeni, usiku mbwa wanamalizia. Basi kikao chenu kisiwe cha wenye nyumba peke yao. Waiteni hao dada na mlinzi mapema, wawe wa kwanza kufundishwa, kisha kila dada kabla hajasafiri amkabidhi mtu mmoja wa ndani kazi hiyo kwa jina. "Tutasaidiana" maana yake ni hakuna atakayefanya.

Wengine katika jengo lenu wanakwenda kwao. Nusu ya Arusha inahamia Rombo, Marangu, Kibosho na Machame wiki hiyo, tusidanganyane. Hao wana taka zao za aina yake: friji. Mtu anaacha kilo tano za nyama kwenye friza, Luku inaisha tarehe 27, anarudi tarehe 3 Januari anakutana na kitu ambacho hata mlinzi hataki kukisogelea. Kila mwaka kuna mbili tatu kwenye kila jengo. Anayesafiri zaidi ya siku nne atoe nyama na maziwa, ampe jirani anayebaki, azime friji na kuacha mlango wazi kidogo. Kama hataki kuizima, aongeze umeme wa kutosha na namba ya mita amwachie mtu wa kumnunulia.

Upande wa kupika nitasema kidogo tu, maana sipendi kuingilia sufuria ya mtu. Kilo moja ya mchele inatosha watu wanane hadi kumi, na kukiwa na ndizi, nyama choma na chapati mezani, hata kumi na wawili. Mama zetu hupima kwa kuogopa aibu, wanapika kilo tano kwa wageni ishirini. Pilau iliyobaki isikae kwenye sufuria mpaka jioni. Kuna bakteria wa mchele ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na sufuria kubwa yenye uvuguvugu ndiyo wanapozaliana. Itandaze kwenye masinia, ipoe, ndani ya saa mbili iwe kwenye friji kwa mafungu madogo. Italiwa kesho. Ikilala kwenye sufuria itakwenda kwa kuku, kama si kwenye pipa.

Vinywaji ndivyo vitakavyowajazia taka kavu. Hapa chaguo ni rahisi: nunueni soda za kreti. Kreti moja ina chupa 24 za kioo, zinarudi dukani, na amana yako unairudishiwa. Soda hizohizo mkinunua za plastiki mnabaki na chupa 24 zinazojaza kiroba kizima zikiwa hazina kitu ndani. Vivyo hivyo maji: dumu la lita 20 linalorudishwa linatosha nyumba yenye wageni, kuliko katoni za chupa ndogo ambazo kila mtoto anafungua yake, anakunywa robo, anaisahau kwenye kochi. Bilauri zipo, zioshwe. Sahani za kutupa ndiyo usiseme. Sherehe moja ya watu arobaini inatoa viroba viwili vya sahani zenye mafuta ambazo mnunuzi wa chakavu hazitaki na ng'ombe hazili. Jengo la kaya 24 likichanga linaweza kununua sahani 60 za melamini, zikae kwa mlinzi, anayefanya sherehe anaazima.

Chupa za plastiki zitakazokuwepo zikanyagwe zibane, kifuniko kirudishwe, ziingie kwenye kiroba chake. Maboksi yafunguliwe yalale. Makopo ya bia ni alumini, yana soko zuri, yasichanganywe na mengine. Waokota makopo wanapita mtaani kwenu kila siku, mlinzi anawajua kwa sura. Mchagueni mmoja, mpeni siku yake ya kuingia getini, Jumatano kwa mfano, achukue vyote bila kupekua mapipa. Hela ya makopo mwachieni yeye. Najua kuna mzee kwenye kamati atasema iingie kwenye mfuko wa jengo. Mwambieni apige hesabu ya kulipa mtu wa kuzichambua kwanza.

Karatasi za zawadi: ikunje kwenye kiganja. Ikibaki imekunjika ni karatasi, iende na maboksi. Ikijifungua yenyewe ina plastiki, hiyo ni ya pipa. Mifuko ya zawadi hifadhini, mwakani bado itakuwa mizuri. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini ile mbadala inayofanana na kitambaa nayo ni plastiki, haiozi. Ikitupwa moja moja kila unapokwenda Soko la Kilombero, mwisho wa mwezi una rundo. Beba ya nyumbani. Matawi ya msonobari ya mti wa Krismasi yakikauka yakatwekatwe, yanawasha jiko vizuri.

Mbuzi sasa. Kila jengo lina mtu anayetaka kuchinja pale kwenye maegesho ya magari. Tumbo la mbuzi mmoja na utumbo wake vina kilo kadhaa za uchafu unaonuka kuliko takataka zote za siku hiyo, na damu inaingia kwenye mfereji. Mbuzi akachinjwe machinjioni, nyama ikaguliwe, arudi akiwa ameshasafishwa, kama mnataka ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, muichome hapo. Kamati iliweke hili kwenye kanuni, msilibembeleze. Na mkaa wa kuchomea: majivu yasiingie pipani siku hiyohiyo. Kaa linaweza kuonekana limezima na ndani bado lina moto mpaka kesho yake, pipa la plastiki likayeyuka lote. Yamwagieni maji, au yaacheni kwenye debe la bati usiku kucha.

Mafuta ya kukaangia yaliyochoka, msimwage kwenye sinki la ghorofani. Yanaganda kwenye bomba la chini, na wanaopata tabu ni wale wa ghorofa ya kwanza. Tieni kwenye chupa ya plastiki, fungeni, pipani.

Pampasi ndiyo pekee sina dawa yake kamili. Haziuziki, hazichakatiki hapa, na wageni wenye watoto wanakuja na mzigo wake. Kinachowezekana ni kuzitenga: kinyesi kimwagwe chooni, pampasi ikunjwe ifungwe, ziwekwe kwenye pipa moja lenye mfuniko mzito lililoandikwa, nanyi mliwekee jiwe au kufuli la kamba dhidi ya mbwa. Mkishaondoa vyakula, mbwa wenyewe watapunguza safari. Mama akiwa nyumbani mchana, nepi za kitambaa bado zinafanya kazi, ila siwezi kumlazimisha mtu kufua siku ya sikukuu.

Sababu ya kulisisitiza hili ni mvua. Vuli mara nyingi inaingia mpaka Desemba, na kinachosombwa kutoka mitaani mwetu kinaingia kwenye mifereji, mifereji inaingia mito ya Naura na Themi. Themi inateremka mpaka Kikuletwa, Kikuletwa inaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu wanavua samaki. Pampasi iliyoburuzwa na mbwa Njiro ina safari ndefu mbele yake.

Kuhusu mboji: ni wazo zuri, ila msilianze Desemba. Mboji inahitaji kwa kila ndoo moja ya mabaki mabichi, ndoo mbili hadi tatu za vitu vikavu, yaani majani makavu, maranda, nyasi. Inahitaji rundo la angalau mita moja kila upande ndipo lipate joto la nyuzi 55 hadi 60 la kuua mbegu na vijidudu, na ligeuzwe kila wiki kwa miezi miwili au mitatu. Ninyi mnataka kuanza wiki ambayo mabaki ni mengi kuliko wakati wowote, mvua inanyesha, na wa kugeuza amesafiri. Mtapata tope linalonuka, na mwezi wa pili mkitaja mboji kwenye kikao mtazomewa. Anzeni Februari, na kaya tano zinazotaka kweli, nyama isiingie. Mkipata mbolea, bustani yenu ya mbele itawashawishi waliobaki.

Jirani wa chini aliyechoma taka, hasira yake naielewa, harufu yote ilikuwa dirishani kwake. Lakini plastiki na pampasi zikiungua kwa moto mdogo wa uwanjani hutoa moshi wenye sumu, zikiwemo dioksini, na moshi unapanda, unaingia kwenye vyumba vya watoto juu. Asiendelee. Nanyi msimfanye adui. Mhamishieni mapipa mbali na dirisha lake, ndipo mzungumze naye. Kama kuna ubishi, mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata wapo.

Mtu atauliza kikaoni: tutenganishe halafu gari lije lichanganye zote tena njiani kwenda dampo la Muriet, faida iko wapi? Ni swali la haki. Faida yenu mnaipata kabla gari halijafika: harufu, funza, nafasi. Na kilichokwenda kwa ng'ombe hakikupanda gari kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazungumzia kuzitenga taka zinazooza, plastiki, vioo na metali, kwa hiyo hamfanyi kitu cha ajabu.

Gari lenyewe, mzungumze na mzabuni mwanzoni mwa Desemba, kwa maandishi: tarehe 25 na 26 mtakuja au hamji, na kama hamji, mtakuja lini badala yake? Tarehe 1 Januari je? Wale vijana wa gari nao wana sikukuu. Wawekeeni kitu kidogo na glovu mpya, mtaona tofauti. Na ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi, ya Desemba inaangukia kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Msipange mambo makubwa, saa moja ya kusafisha eneo la mapipa kwa maji na sabuni inatosha, kabla nzi hawajataga upya.

Ujumbe wa kundi la WhatsApp la jengo nakuandikia, urekebishe upendavyo:

"Majirani, habari za jioni. Kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 12 Januari tutakuwa na ndoo mbili za mabaki karibu na geti: ya BLUU ni maganda na mboga mbichi, ya NJANO ni chakula kilichopikwa. Mfugaji anachukua kila siku saa moja asubuhi, kwa hiyo teremsheni usiku au alfajiri. Tafadhali plastiki isiingie humo, wala nyama na mifupa ya kitimoto. Pampasi zina pipa lake. Chupa, makopo na maboksi viwekwe kwenye viroba chini ya ngazi, vinaondoka Jumatano. Gari halitapita tarehe 25. Kila nyumba itume jina la mtu mmoja atakayeteremsha ndoo, hasa kama dada anasafiri. Anayesafiri asisahau friji na Luku. Asanteni."

Utume tarehe 10, urudie tarehe 18 na asubuhi ya tarehe 24. Tarehe 23 usitume kitu, siku hiyo kundi zima linatumiana picha za foleni ya Himo na hakuna atakayekusoma.